Spesa za Mjomba Bwanali

"Huzitoi, dada. Labda kesho. Leo huzitoi!"

"Punguza sauti, Bwanali."

"Nipunguze nini? Nani alizifunga? Si wewe?"

Alisema kweli, ndiyo maana nilitaka apunguze sauti. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, gauni la sare nimelibana magotini. Tulikuwa Mnyambe, uwanjani kwa mama mkwe wangu. Watoto walitoka jandoni asubuhi hiyo, na mwanangu Ashraf alikuwa ndani akivishwa kanzu na miwani myeusi. Kwetu anayetoka jandoni hubebwa na mjomba wake. Zamani alibebwa mabegani. Siku hizi wajomba wanashindana kwa magari, na ndugu yangu Bwanali alikuja na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limteremshe Ashraf hadi nyumbani Masasi.

Gari lilikuwa zuri, ila matairi yalikaa ndani mno. Bwanali alitaka yatokeze, gari lionekane limetanua miguu. Kwa kazi hiyo hufungwa spesa, bamba nene la duara linalokaa kati ya ringi na habu, pale gurudumu linapofungwa. Masasi tulizikosa, na za kuagiza Dar zisingewahi sherehe. Ndipo mimi, mwenye gereji na stashahada ya ufundi magari, nikapata wazo. Nikaenda Lisekese kwa Godwin, anayetengeneza sufuria. Akayeyusha alumini ile ile ya sufuria, akaimimina kwenye mchanga kwa vipimo vyangu. Matundu nikatoboa mwenyewe, nikasawazisha kwa tupa.

Watu walijaa gerejini kutazama. Waliposifia, nikasema spesa zangu ni nzuri kuliko za dukani. Nilisema hivyo huku najua alumini ya kumiminwa mchangani huwa na vitundu ndani. Nilijua pia kwamba nati zimeshika meno machache tu ya bolti. Nikakaza kwa nguvu zote, nikajiambia safari yenyewe si ndefu.

Tulipokuwa tunapanda kona za kuja huku, nilisikia ngo, ngo, ngo upande wa nyuma. Nikaongeza sauti ya redio.

Sasa nati mbili zilizunguka kwa vidole vyangu, na spesa ilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha.

"Kaza tu," Bwanali alinong'ona. "Nitakwenda polepole. Nani atajua?"

"Kwenye mteremko watajua wote."

"Kwa hiyo nipandishe gari jeki kama lori la mkaa, na watu wanatazama?"

"Tuseme pancha."

Ilinitoka haraka hivyo hivyo. Bwanali akachangamka. "Pancha! Sawa. Toa hili moja."

"Yote manne, Bwanali. Spesa zote zimetoka chungu kimoja."

"Umeona wapi gari lina pancha nne, dada?"

Kabla sijajibu, Lukmani akatufikia. Yeye ni mjomba wa mtoto mwingine aliyetoka jandoni siku hiyo, ametoka Nanganga na gari lake jeupe.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

"Marahaba."

"Hizo spesa zako zimeniua. Nimeshampigia Godwin, anamimina zangu leo leo. Kesho nakuletea gari ufunge."

Bwanali alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikae kimya. Na kusema kweli nilitaka kukaa kimya. Mama mkwe alikuwa mlangoni na wageni wake, wale ambao huwaambia kila mara kwamba mkwe wake ni fundi wa chuo. Nikasimama.

"Mpigie tena umwambie aache," nilisema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Zangu zimepasuka. Ni alumini ya sufuria, na nilijua hazifai tangu nazifunga."

Vigelegele vikakatika.

"Sufuria!" mwanamke mmoja akacheka. "Jamani, si mngetupa tupikie pilau?"

Wengine wakacheka naye. Mama mkwe hakucheka. Akaja hadi kwenye gari.

"Na mjukuu wangu ulikuwa unampandisha humu?"

"Ndiyo, mama."

Aliniangalia hadi nikainamisha macho.

"Lete jeki," nilimwambia Bwanali.

"Dada..."

"Jeki, Bwanali. Na ufunguo wa gari nipe mimi."

Akanipa. Nikalegeza nati kwanza, nikapandisha jeki, nikapiga magoti kwenye vumbi jekundu na sare yangu, nikavua tairi. Spesa ilitoka mkononi vipande viwili. Nikaiinua Lukmani aione, akaitazama, kisha akatoa simu na kumpigia Godwin. Nikakagua bolti, zilikuwa nzima. Nikarudisha tairi moja kwa moja kwenye habu, na nati zikaingia hadi mwisho.

Tairi likakaa ndani kama zamani, baya. Nikashusha jeki, nikaiburuta hadi gurudumu la pili.