Sauti ya Chini

Mwaka wa hamsini na mbili, hapa Stanleyville, Sista Godelieve alitufundisha wasichana wanne nyimbo za kale za Kilatini. Kila mmoja alijifunza sauti yake peke yake, mlango umefungwa, maana Sista hakutaka tuibiane. Tulikutana kanisani Jumapili tu, na sauti zetu zilipopandana, wazungu wa viti vya mbele waligeuza shingo.

Mimi nilipewa sauti ya chini.

Kisha Pélagie akaolewa Basoko, Germaine akaingia utawa, Claudine akamfuata bwana wake Léopoldville. Nikabaki mimi, huku mtaani Mangobo, na sauti yangu ya chini.

Jana nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo, huku naimba. Jirani yangu, Mama Émilie, akacheka.

"Agathe, hii iko wimbo gani? Haina kichwa, haina miguu!"

Nilikasirika. Nikamwambia akae chini asikilize vizuri. Nikaimba kwa nguvu mpaka pale ambapo sisi watatu tulikuwa tunanyamaza ili Pélagie aimbe peke yake. Nikanyamaza. Mama Émilie akadhani nimemaliza, akapiga makofi.

"Ngoja!" nikamfokea. "Bado! Sasa ni zamu ya Pélagie!"

Akangoja, maskini. Kuku wakapita katikati yetu. Nilikuwa nahesabu kwa kidole juu ya goti, na zamu ya Pélagie ilipokwisha, nikaingia tena mahali pangu barabara.

"Sasa yeye alikuwa anaimba nini?" akauliza Mama Émilie.

Sijui. Sikufundishwa, na kanisani nilikuwa nashughulika kuhesabu. Ninachojua ni muda wa kumngoja.