Chumvi ya Maganda ya Ndizi

Presha ya Mama Adelfina ilikuwa kaidi kama mwenyewe. Mwaka 1996, dawa nzuri zote zilipopitiliza kwenda kambini kwa wakimbizi na sisi wa zahanati za huku Nyamahanga tukabaki na aspirini, nilimpima nikakuta mia mbili kwa mia na kumi. Nikamwambia aache chumvi. Alinijibu kuwa maharage yasiyo na chumvi apikiwe maiti.

Aliyemwokoa si mimi. Ni Niragira, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akimlimia shamba. Niragira alikausha maganda ya ndizi, akayachoma, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu na kuyamwagia maji. Maji yaliyochuruzika aliyachemsha mpaka ikabaki chumvi ya kijivu, akamtilia Adelfina kwenye maharage. Kwao ndivyo walivyofanya chumvi ya dukani ilipokosekana. Baada ya miezi miwili presha ya Adelfina ilishuka hadi mia na arobaini kwa tisini.

Nilifungua daftari langu la chuo. Ndizi ina potasiamu, na potasiamu hulegeza mishipa ya damu na kusaidia figo kutoa chumvi ya kawaida. Majivu ya maganda, basi, yalijaa potasiamu. Nilifurahi kupita kiasi. Kila Jumanne, siku ya kliniki ya presha, niliwasifia wagonjwa chumvi ile, utadhani nimeigundua mimi.

Ndipo akaja Matiasi, mkulima wa jirani, presha iko juu na uso umevimba. Uvimbe niliuona. Kupima mkojo, kuona kama figo ni nzima, kungenichukua dakika kumi, lakini foleni ilikuwa ndefu, nami jibu nilikuwa nalo tayari.

"Tumia chumvi ya Niragira," nilimwambia. "Usikose hata siku moja."

Wiki ya tatu mkewe, Claudia, alimleta kwa baiskeli. Moyo ulikuwa unapiga mara thelathini kwa dakika. Tulimkimbiza hospitali Biharamulo, akafia mapokezi. Daktari aliuliza marehemu alikuwa akila nini, nikaeleza. Akasema figo zilizochoka haziwezi kutoa potasiamu, nayo ikizidi husimamisha moyo. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Matanga yalipoisha Claudia alikuja zahanati. Nilidhani amekuja kunilaumu, na kwa kweli nilitaka anilaumu. Aliweka mezani kopo lililofunikwa kwa jani la mgomba.

"Imebaki kidogo, daktari," alisema. "Uwape wengine wenye presha. Marehemu hakuikosa hata siku moja, kama ulivyomwagiza."

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nilimwomba akae, nikamweleza yote: uso uliovimba, mkojo ambao sikuupima, maneno ya daktari wa Biharamulo. Alisikiliza mpaka mwisho huku akiliangalia lile kopo.

"Kumbe ni mimi niliyempikia," alisema. "Asubuhi na jioni."

Nikamwambia hapana, kosa ni langu. Nilirudia kusema hivyo mara tatu. Alikuwa ameshaanza kuhesabu siku kwa vidole.