Wasifu wa Mzee Romanus

Mzee Romanus alifariki asubuhi, nyumbani kwake Njombe, akisubiri chai. Kabla ya jioni dada yake, Lucia, alikwisha kukusanya nguo zake, koti la mvua na simu, akavifungia sandukuni. Kwao vitu vya marehemu havishikwi mpaka tanga liondolewe.

Kompyuta ilisahaulika mezani. Romanus alikuwa katibu wa kigango cha kanisa, na wafiwa aliwaandikia wasifu wa marehemu wao humo, katika tovuti ya Dulla, mpiga chapa wa Makambako. Bintiye, Oktavia, aliikuta ingali wazi kwa jina la baba. Akaketi kumwandikia na yeye: viazi vya Matamba alivyovipenda, besi aliyoiimba huku kwaya nzima ikivumilia.

Akaitwa kupokea wageni. Aliporudi na kubonyeza kuhifadhi, maandishi yakatoweka. "Muda wako umekwisha. Ingia upya." Akajaribu kuingia, namba ya siri ikatumwa kwenye simu ya baba.

Mazishi yalikuwa kesho. Akampigia Dulla.

"Pole, dada. Ukikaa kimya mfumo unakutoa, mtu asije akatumia jina lako. Ila maandishi yapo. Ingia kwa namba ileile ya mzee, utayakuta."

"Simu imo sandukuni, na ufunguo anao shangazi."

"Hapo sasa mimi siwezi. Kambembeleze."

Lucia alimkata jicho. "Baba yako hajazikwa, unataka simu yake?"

"Siichukui, shangazi. Nasoma namba tu. Kawaandikia watu wote, yeye tumzike bila neno?"

Lucia akafungua sanduku. Aliifunga simu kwa kanga, akaacha kioo tu, akaiwasha. "Naishika mimi. Wewe andika." Akasoma tarakimu polepole, kama anasoma somo kanisani.

Ukurasa ukafunguka. Viazi vipo, besi ipo, hadi neno la mwisho. Oktavia alicheka huku machozi yakimtiririka, na Lucia akacheka naye.

"Mshukuru mzee," Dulla alisema alipopigiwa. "Mwaka jana wasifu wa mtu ulimpotea hivyohivyo. Alinisema mpaka nikaurekebisha mfumo, uwe unatunza maandishi."

Vijitabu vya wasifu alivyochapa Dulla viliwahi kufika, vikasomwa kaburini.

Siku hizi wafiwa wa kigango wanamwendea Oktavia, na namba ya siri inakuja kwenye simu yake.