Mistari Mitatu ya Zahanati ya Ng'ambo

Kamati ilikuwa na watu watatu wenye kura, nami karani nisiye na kura. Mwenyekiti alikaa mwanzo wa meza. Kuliani kwake alikaa diwani wa kata ya soko, ambaye sote tulimwita Kipaza, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji spika. Kushoto alikaa Bwana Afya, mtu mkimya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Madirisha yote yalikuwa wazi na sote tulivaa barakoa, ingawa ya Kipaza ilikuwa imefunika kidevu tu.

Ajenda ilikuwa moja: kuondoa amri ya barakoa. Waraka kutoka juu ulisema halmashauri inaweza kuiondoa ikiwa wiki tatu mfululizo zimepita bila kifo hata kimoja katika zahanati zetu nne. Bwana Afya ndiye wa kutia saini kwamba takwimu ni za kweli. Bila saini yake, amri inabaki.

"Tusomee, mama," Mwenyekiti aliniambia.

Nikasoma jedwali nililolijaza kwa mkono wangu. Zahanati ya mjini, sifuri wiki zote tatu. Ya kiwandani, sifuri. Ya stendi, sifuri. Ya ng'ambo ya mto, mstari, mstari, mstari.

"Mstari maana yake hakuna," alisema Kipaza. "Tumemaliza. Watu wangu wamezibwa pua mwaka mzima. Wengine hata sura za wake zao wamezisahau."

"Wengine wanaomba ziendelee kufunikwa," Mwenyekiti alisema, na wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikatazama ile mistari mitatu, na kicheko kikanikauka.

Ofisini kwetu nafasi tupu hairuhusiwi. Zamani mtu alizikuta nafasi tupu kwenye jedwali akazijaza uongo, mkaguzi akaja juu, na tangu siku hiyo tukaamriwa: penye nafasi, piga mstari. Basi tunapiga mstari pale ambapo hakuna kitu, na tunapiga mstari uleule pale ambapo karatasi haijafika. Karatasi za ng'ambo zilikuwa hazijafika Jumamosi tatu. Nilidhani gari la dawa linachelewa kuzileta. Nikapiga mstari, nikafunga faili, nikaenda zangu kusali kwa amani.

Ee Mungu, nifungue kinywa, niliomba moyoni. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Dada karani," alisema Kipaza, "umeanza kupiga kura lini?"

"Sipigi kura, mheshimiwa. Nasahihisha. Ile mistari si sifuri. Karatasi hazikuja."

Bwana Afya aliinua kichwa. "Hazikuja? Wiki ngapi?"

"Zote tatu."

"Na hukuuliza?"

Nilitikisa kichwa. Alitoa simu mfukoni, akapiga namba ya zahanati ya ng'ambo, akaiweka mezani ili sote tusikie. Iliita muda mrefu. Mwishowe ikapokelewa na sauti ya mzee.

"Zahanati. Mlinzi hapa."

"Shikamoo, mzee. Ni Bwana Afya wa halmashauri. Nipe nesi."

"Marahaba, mwanangu. Nesi hawezi kusema. Kalala wodini, leo siku ya kumi na tisa."

"Nani anatibu wagonjwa?"

"Yule mama wa usafi, na Mungu. Mganga mlimhamisha mwaka jana, mkasema mnaleta mwingine."

Mwenyekiti alikohoa. Bwana Afya alifumba macho. "Mzee, katika siku hizo kuna waliofariki?"

"Kumi na mmoja."

"Umejuaje?"

"Geti nafungua mimi. Wanaingia wakitembea, wanatoka wamebebwa. Nitakoseaje?"

Simu ikakatika. Kipaza alipandisha barakoa yake puani, pole pole, kama mtu anayejikuna.

Nilidhani yameisha. Lakini Mwenyekiti aliweka mikono juu ya meza, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, poleni. Ila hiyo si taarifa rasmi. Mlinzi hajazi fomu. Hatujui hao kumi na mmoja walikufa kwa nini, na gari la matangazo limeshafika sokoni, linasubiri simu yangu. Sisi tuna jedwali, na jedwali halina kifo. Bwana Afya, weka saini. Mambo ya ng'ambo tutayapeleka kikao kijacho."

"Wiki ijayo," aliongeza Kipaza, lakini sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

Bwana Afya alishika kalamu. Nilimwona akiangalia jedwali, na nikajua anawaza nini. Ana watoto wanne, na aliyeshika cheo hicho kabla yake alifukuzwa kwa kubishana. Karatasi ilimpa njia ya kupita. Na njia hiyo niliichora mimi.

Nikasimama. Nikavuta jedwali kutoka mbele yake, nikakata mistari yote mitatu, na juu ya kila mmoja nikaandika: karatasi haikufika. Pembeni nikaandika kwamba kosa ni langu, nikaweka saini na tarehe.

"Umeharibu hati ya serikali mbele ya macho yangu!" Mwenyekiti alisema.

"Nimeisahihisha, mheshimiwa."

Bwana Afya alifunika kalamu yake. "Hii siwezi kuitia saini."

"Gari liko sokoni!"

"Basi lirudi."

Saa sita nilisimamishwa kazi. Barua ya kunisimamisha niliichapa mwenyewe, kwa kuwa pale ofisini hakuna mwingine anayeiweza ile kompyuta. Mwenyekiti alinisomea maneno nikiandika. Alipokosea tarehe nilimrekebisha, akanuna, kisha akatia saini.

Nje nilimkuta Bwana Afya juu ya pikipiki yake, sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa kamba. "Mama, unajua kujaza fomu zile?"

"Mimi si mfanyakazi tena."

"Sijakuuliza hilo."

Nikapanda. Tulivuka daraja. Mzee alitufungulia geti, akatutazama kwanza miguuni, kuona kama tunatembea vizuri. Bwana Afya aliingia wodini moja kwa moja. Mimi nilikaa kwenye benchi la mlinzi na fomu mapajani, nikamwomba anitajie majina.

"Majina siyajui," alisema. "Daftari lao liliishia siku nesi alipoanguka. Lakini watu nawajua. Wa kwanza fundi viatu wa darajani. Wa pili mama mwenye mapacha. Wa tatu babu yake huyo fundi, alikuja kumuuguza mjukuu."

Niliandika kila mmoja kwenye mstari wake. Fundi viatu. Mama wa mapacha. Babu. Nilimwombea kila mmoja kabla ya kuhamia kwa mwingine, kwa hiyo kazi ilikwenda taratibu, na mzee hakunihimiza. Tulipofika wa kumi na mmoja, nikasikia kikohozi kutoka wodini, kirefu, kinachokwaruza.

"Na huyo je?" niliuliza, kalamu mkononi.

Mzee aliweka kiganja chake juu ya fomu.

"Huyo ndiye nesi. Usimwandike. Bado anapumua."