Nondo Kwenye Dirisha la Sebule

Mama mkwe alikuwa amewatangazia majirani zake kwamba mkwewe, mke wa mwanawe, anafanya kazi ya nondo, na kila aliyesikia aliona maghorofa. Kumbe nondo wenyewe ni wadudu wa kuruka, wadogo kuliko punje ya mchele, ambao viwavi wao huishi ndani ya jani la nyasi, wakilitafuna katikati na kuacha mstari mweupe. Kwamba ni wadudu alilijua siku ya pili ya ziara yake, akalimeza kwa shida; habari ya majani hakungoja kuisikia.

Mkwe huyo, mtafiti wa wadudu, alifugia viwavi wake nyumbani, katika vyungu kumi na viwili vya nyasi kwenye dirisha la sebule, kwa kuwa taasisi ilikuwa imemtunuku ofisi isiyo na dirisha. Siku ya nne alirudi kazini akakuta nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta.

"Mama, yale majani yenye mistari yako wapi?"

"Yale yenye ugonjwa? Nimewapa sungura wa jirani. Wewe na kazi zako, mwanangu, hata maua huna muda wa kuyatunza."

"Maua," alisema mtafiti.

"Wala usinishukuru."

Hakumshukuru. Mumewe, simba wa nyumba, alikumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa, akatoka. Mtafiti akaketi, akaeleza polepole: miaka mitatu ya kutafuta, viwavi arobaini, na sasa wote wamo matumboni mwa sungura. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu harusi.

Asubuhi alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya mkwewe bila kuomba. "Twende huko unakoyatoa."

Walikwenda kwenye mtaro nyuma ya maghala. Siku njema, mtafiti hupata majani mawili. Mama mkwe, aliyechambua mboga na mchele miaka hamsini, kufikia adhuhuri alikuwa na thelathini na moja.

"Hiki ndicho mlichokisomea mpaka mkaitwa madaktari?" aliuliza, akiinua jani juani. Ndani yake kivuli chembamba kilijisogeza. "Huyu hapa. Anakula, wala hajakaribishwa."

Mtafiti hakujua acheke au alie, akacheka.

Ziara ya wiki moja ikawa miezi miwili. Nondo kumi na tisa walitoka wazima, na kwa kila mmoja mama mkwe alishika lenzi, ile nzuri, akimfafanulia mtafiti mambo ambayo mtafiti mwenyewe alikuwa amemfundisha juzi.