Sekunde Kumi na Moja za Mzee Filbert

Jumanne saa nne asubuhi Crispin aliingia dukani kwa Herieth, Majengo, akitaka kukatiwa video. Herieth hupiga picha za pasipoti, huchapa barua za kuomba kazi, na kwa wasioziweza zile tovuti za kukatia video, huwakatia. Video hiyo ilimwonyesha Mzee Filbert wa Uru, baba yake Crispin, akiwa kitandani siku mbili kabla ya kufa, anagawa kihamba, yaani shamba la ukoo. Chumbani walikuwa wawili tu, Crispin aliyeshika simu na dada yake Redempta.

"Ifupishe, dada," Crispin alisema. "Naituma kwenye grupu la ukoo, na watu wa Dar wanalalamikia bando. Toa hapo katikati anapokohoa."

Katikati hapo mzee hakukohoa tu. Kwanza alisema, "Pale chini ya mfereji pabaki kwa Redempta, ndiye aliyenitunza," ndipo akakohoa. Herieth alisikia vizuri. Lakini mteja ni mfalme, na Herieth ni mwoga, mwenyewe anakubali. Akaweka alama mbili kwenye skrini, akakata, akapakua. Crispin akaituma hapo hapo, na kabla hajavuka barabara mashangazi walishaanza kuandika Amina.

Kesho yake saa nne Mzee Filbert alitokea dukani, pamoja na kitanda chake. Kitanda kilikaa kati ya printa na mlango, kwa hiyo mama mmoja aliyekuwa anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa alisogea kidogo. Mzee akasema yale maneno, akakohoa, akaondoka na kitanda. Sekunde kumi na moja. Alhamisi alirudi, na Ijumaa. Herieth akahamisha benchi lisimzuie.

Wateja wa saa nne walizoea kumwamkia shikamoo. Hakuitikia, maana kwenye kipande kilichokatwa hamna marahaba.

Habari zilipanda mpaka Uru, na Jumamosi ukoo ukashuka, watu tisa, wakiongozwa na Ndelilio, mdogo wake marehemu. Wanaume walivua kofia. Mzee alisema lake, akakohoa, akaenda zake.

"Mimi ndiye niliyekata," Herieth alisema.

Ndelilio akamshukuru kwa kusema ukweli. Crispin alikuwa ameinamia simu.

Redempta alisogea mbele na jani la sale. Kwa Wachagga anayekuja na sale hakataliwi, hata kama alikuwa adui yako jana. Akalitoa kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, umesikia mwenyewe. Naomba pale pangu."

Ndelilio alilipokea.

"Kaka amesema, wote tumesikia," alisema. "Ila kikao tulikaa kwa ile video ya kwenye grupu, na watu wa Dar wameshaafiki. Tukianza kuwaita upya, ukoo utapasuka, mwanangu." Kisha akalinyoosha jani lile lile kumrudishia. "Kwa hiyo sisi ndio tunakuomba. Utusamehe."

Kuna watu wana akili mpaka inauma. Dukani kila mtu alimtazama Redempta, na sale halikataliwi. Akalichukua, akasamehe. Wakapanda gari wakarudi Uru, na shangazi mmoja alimwachia Herieth mkungu wa ndizi.

Mwezi wa saba Crispin alifyeka migomba ya chini ya mfereji, akajenga vyumba vya kupangisha. Redempta alitoa vitu vyake kihambani na kupanga chumba kimoja Majengo, nyuma ya msikiti.

Sasa kila siku saa nne kasoro anafika dukani na blanketi. Kwenye kile kipande miguu ya baba yake iko wazi, na huwa anasikia baridi. Kitanda kikitokea anamfunika. Mzee anasema chini ya mfereji pabaki kwa Redempta. Redempta anajibu, "Ahsante, baba." Mzee anakohoa, kitanda kinaondoka, blanketi linabaki sakafuni.

Siku moja Herieth alimuuliza kwa nini hamwambii mzee kilichotokea.

"Mgonjwa haambiwi habari mbaya," Redempta akasema, akaliokota blanketi na kulikunja.