Alama ya Baba

Casimir alikuwa karani, na makarani wa aina yake hujibu hata kabla ya kuulizwa. Ofisi yao ilikuwa imefungwa mwaka mzima, lakini siku hiyo ya 1994 alivaa tai na kumpeleka Hadassa, binti yake wa miaka saba, kwenye ukumbi wa parokia hapo Likasi. Darasa la watoto viziwi lilikuwa linafunguliwa, viti vinane tu, na kiti kilikuwa cha mtoto atakayeonyesha kwamba anaelewana na watu wa kwao kwa mikono.

"Huyu mutoto hajue kitu, Madame," alisema mara tu alipoketi.

Mwalimu Marceline aliacha kusikia akiwa na miaka kumi. Aliongea vizuri, ila maneno ya wenzake aliyasoma midomoni. Akaweka picha mezani. Chungu: Hadassa akasonga bukari, ugali wa kwao, hewani kwa nguvu zote. Bibi kizee: akavuta ugoro, akapiga na chafya. Wazazi waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mama: akajifunga kilemba. Casimir alishangaa. Kumbe nyumbani kwake watu walikuwa wakiongea siku zote, yeye tu hakuwemo.

Kisha Marceline akamwelekezea Casimir kidole: huyu je? Hadassa akaweka kidole mdomoni, halafu akapunga kiganja kuelekea mlangoni, kama anayefukuza kuku.

"Ile ni nini, papa?" Marceline akamwuliza.

Alijua sana. Ndivyo alivyomfanyia kila mara wageni wa kikundi cha maombi walipobisha hodi: nyamaza, toka, nenda nyuma ya nyumba. Aibu ikamshika.

"Ni... ni maombi, Madame. Anasema minye niko muntu ya maombi."

Marceline akaandika. Ili kupima kama mtoto anaelewa, akampa kalamu na kumwagiza ampelekee baba, naye mwalimu akamtaja baba kwa alama ileile: kidole mdomoni, kiganja mlangoni. Hadassa akaiweka kalamu chini, akatoka nje, akajificha nyuma ya ukuta.

"Pole, papa. Haelewe," Marceline akasema, akaanza kuandika.

"Anaelewa," Casimir akanong'ona akitazama viatu vyake.

"Sioni midomo yako. Inua uso."

Akauinua, na benchi zima likamsikia. "Nilisema bongo, nilikudanganya, Madame. Ile alama ni ya kumufukuza. Wageni wakikuya, namufichaka. Naonaka haya juu yake."

Hakuna aliyecheka. Marceline akafuta, akaandika upya. "Hadassa iko na kiti. Enda, umuite."

Mtoto alikuwa amechuchumaa nje, magoti kifuani. Casimir akainua mkono amwite. Hadassa alipouona tu mkono ule, akainuka, akasogea mbali zaidi. Casimir akaushusha haraka. Aibu ya kule ukumbini ilikuwa ndogo kuliko hii. Miaka saba, na hakuwa na hata alama moja ya kumwita mwanawe.

Akarudi ukumbini, akasimama mbele ya wote, akamwuliza mwalimu namna ya kusema njoo kwa mikono.